Pampu Iliyowashwa Kavu

Kila asubuhi kabla ya shule, binti waliyemtania kwa jina la Fundi Mdogo aliteremka mtoni kuwasha pampu ya petroli. Nyumba yao ilikuwa mbali kilimani, haina umeme wala maji ya mji. Bomba refu lililofukiwa ardhini ndilo lililopandisha maji hadi kwenye tangi la bibi, na kwa maji hayo bibi alinywesha miche yake ya kuuza. Miche hiyo ndiyo iliyowalisha wote.

Kabla ya kuiwasha, ilipasa kuimiminia pampu maji ili isizunguke kavu. Siku hiyo alikuwa amechelewa; akawasha tu. Pampu ikakwaruza, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Maji hayapandi, Baba," alisema.

"Uliijaza?"

"Niliijaza. Labda bomba limeziba."

"Fundi ameshatoa hukumu," kaka yake alicheka. "Haya, majembe hayo."

Baba hakumtilia shaka. Binti akaenda shule; baba na kaka wakafukua bomba kiungo kwa kiungo, jua likiwachoma utosini. Bibi, ambaye magoti yake hayakuweza tena kuteremka mtoni, aliambiwa asubiri kidogo, maji yanakuja. Akasubiri.

Binti aliporudi kutoka shuleni, alikuta bomba limekatwa mahali pengi, safi ndani kama chungu kilichooshwa. Viganja vya baba vilikuwa vimechubuka. Kilimani, miche ilikuwa imelala kwenye viriba vyake vya plastiki.

"Tukate na hapa?" kaka aliuliza. Safari hii hakutania.

"Baba, acha," binti alisema. "Sikuijaza. Nilidanganya."

Baba aliweka jembe chini, akateremka mtoni. Mpira wa ndani ya pampu ulikuwa umeungua, na wa akiba ulikuwamo sandukuni siku zote. Akaubadilisha upesi. Kuunga bomba ndiko kulikowaweka hadi jioni. Maji yalipoingia tangini, hakuna aliyeshangilia.

Bibi alikuwa amechuchumaa aking'oa miche iliyokufa.

"Nisamehe, Bibi."

"Kuharibu pampu ni ajali, mjukuu wangu; ningekugombeza, tukacheka kesho. Ungesema asubuhi, baba yako angeitengeneza kabla jua halijawa kali. Miche yangu imeuawa na lile neno lako, 'niliijaza'. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado lina dawa." Akamsogezea kiriba kingine. "Ng'oa na mche huo. Umekwisha."