Diwani wa Kiwanda

Sogeeni karibu, ndugu zangu. Haya yametokea kwa jirani, na moto wa jirani hauchagui ukuta.

Asubuhi moja mshonaji alikuwa kibarazani akishona sare za shule, na kando yake mumewe, fundi baiskeli, akinyoosha ringi iliyopinda. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Spoki. Hakuwa na makuu, lakini palipokuwa na dhuluma hakunyamaza, ndiyo maana watu walikuwa wakimsukuma agombee udiwani. Basi asubuhi hiyo gari la kiwanda cha rangi likasimama mlangoni, akashuka meneja, mtu wa tabasamu jingi na maneno laini.

Kiwanda, alisema, kinapenda maendeleo. Kingetoa fulana, mabango, vipaza sauti na gari la kampeni. Mshonaji alingoja mgeni aondoke, ndipo akasema, "Baba watoto, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hawa watakuja kudai nini?"

"Mbona hawajaomba kitu," Spoki akajibu.

Kweli, hawakuomba. Hawakuwa na haraka.

Spoki akashinda. Haikupita muda, maji ya kisima cha mtaa yakaanza kutanda utando na kunuka kama mapipa ya kiwandani. Watoto wakaharisha, wengine wakatoka vipele. Watu wakataka baraza la madiwani likilazimishe kiwanda kusafisha majitaka yake. Na Spoki, yule yule asiyenyamaza, akasimama ukumbini akasema kisima ni salama, na kiwanda kisibughudhiwe kisije kikahama na ajira zetu. Hoja ikafia hapo hapo.

Kesho yake kiwanda kikamletea nyumbani makatoni ya maji ya chupa. Jamani, mdomo ule ule uliosifu kisima! Mshonaji aliona haya hata kutupa chupa tupu. Lakini tuseme kweli, wanawe aliwapa. Mama gani angewanyima?

Katika chumba cha uani aliishi mama mzazi wa Spoki. Alijipikia na kujitekea mwenyewe, hakutaka kuwa mzigo. Mkwewe alipompelekea chupa, alizirudisha. "Mwanangu amesema maji ni mazima," alisema. "Mimi nisipomwamini, nani atamwamini?" Mshonaji akarudi nazo ndani. Angemwambiaje mzazi kwamba mwanawe ni mwongo?

Mama akavimba miguu, chakula kikakataa kukaa tumboni. Zahanatini, daktari alisema figo zimeharibika, akauliza anakunywa maji gani. Spoki akainamisha kichwa. Mgonjwa akajibu kwa fahari, "Ya kisima, daktari. Mwanangu ndiye diwani, ameyahakikisha mwenyewe."

Siku chache baadaye walimzika.

Mkutano wa mtaa ulipoitwa, mshonaji alisimama kabla ya mumewe. Akaeleza yote: fulana, gari, makatoni. "Sisi tulikunywa ya chupa, ninyi mkanywa ya kisima," alisema. "Nilijua, nikanyamaza, mama akafa akimwamini mwanawe."

Spoki akakiri. Alijiuzulu pale pale, huku analia. Watu wakaandamana hadi ofisi za halmashauri, wakakaa chini, wakakataa kuondoka mpaka kisima kilipofungwa na kiwanda kikaamriwa kujenga mabwawa ya kusafishia majitaka. Kikajenga. Kumbe kilikuwa na uwezo huo siku zote!

Na meneja? Kabla udongo wa kaburi haujakauka, alikuwa ameshaegesha gari kwa mgombea mwingine.

FUNZO

Kampuni itengeneze bidhaa, iajiri, ilipe kodi, hata iseme maoni yake kama jirani yeyote. Lakini isituchagulie wa kutusemea. Kampuni haina figo, haina mtoto wa kuharisha, haina mama wa kuzika. Aliyebebwa na kiwanda atakisemea kiwanda, hata mama yake akiwa ndiye anayekunywa sumu. Nasi tunaopokea fulana na kushangilia, tusijifanye hatumo. Kabla hujampigia mtu kura, uliza ni nani aliyemnunulia kipaza sauti.