Utani Uliopigwa Marufuku

Asubuhi moja huko Ng'ambo, mjini Tabora, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, Bibi Nyamizi alikuwa kibarazani akichambua maharage. Akaingia jirani yake Maua, Mzaramo.

"We mpagazi! Bado upo tu? Sanda yako nimeshainunua!"

"Nakungoja utangulie, mla nazi!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Utani huo waliurithi kwa babu zao, waliozoeana kwenye njia ya misafara, Wanyamwezi wakishusha mizigo pwani na Wazaramo wakiwapokea.

Ndani, Dionis, mwana wa Nyamizi na katibu wa tawi la chama, hakucheka. Alikuwa ametoka semina ya kupinga ukabila, akaona aibu: nyumba ya katibu, na matusi ya kikabila mlangoni! Jamani, ukabila ni sumu kweli, na kijana hakuwa na nia mbaya. Ila hakuuliza hata swali moja.

Mkutanoni akapiga marufuku maneno yote ya utani. Akamsimamisha Maua mbele ya watu, amwombe Ndugu Nyamizi radhi.

"Mwanangu, huyu ni mtani wangu!" mama alilia.

"Sote ni ndugu, mama. Watani hakuna tena."

Maua akaomba radhi kwa sauti ndogo, akaenda zake. Hakurudi pale kibarazani.

Mtaa ukawa na adabu ya ajabu. Dionis akipita, watu walimwamkia kisha wakanyamaza, naye akadhani ndiyo heshima. Mama yake akaanza kuacha chakula, mwisho akalala kitandani. Alimtaka Maua tu.

Dionis aliogopa. Akaenda kwa Maua mbio, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Njoo umtanie, nakuomba."

"Marahaba, Ndugu Katibu. Nitakuja kumwona mgonjwa."

Akaja, akasimama kando ya kitanda. Akamtazama Dionis, akaukumbuka mkutano ule, watu wote wakimkodolea macho.

"Ndugu Nyamizi," akasema, "pole kwa maradhi."

Nyamizi akafumbua macho, akamwangalia sana.

"Huyu nani?" akamuuliza mwanawe. "Nimesema niitieni Maua."

"Mtukane, mama!" Dionis alimsihi Maua. "Mwite mpagazi, mwite lolote!"

Maua akalia. "Siwezi, baba. Natafuta neno, silipati."

Nyamizi akageukia ukutani. Kesho yake alfajiri akafariki. Msibani watu walikaa kimya kwa adabu, hakuna mtani aliyethubutu kuwachekesha wafiwa kama ilivyo desturi. Dionis alilia peke yake, na kila aliyemsogelea alimwita Ndugu Katibu.

FUNZO

Ndugu zangu, lugha ya chuki ikemeeni, msiionee haya. Lakini kabla ya kumfunga mtu mdomo, muulizeni aliyeambiwa kama ameumia. Dionis alikuwa na mama yake chumba cha pili, akaenda kuisikiliza semina.