Misumari ya Siwa

Zamani, kabla ya mizinga kufika pwani yetu, mji wa Shungwi ulikuwa na siwa, baragumu ya enzi ya pembe ya ndovu, yenye vipande vitatu, na kila mtaa ulitunza kipande kimoja. Fumo, mtawala wa mji, hakuweza kutoza kodi, kwenda vitani wala kumfukuza mtu mpaka wakuu wa mitaa, waliochaguliwa na watu wao, wakubali kuviunga. Siwa ikishalia, neno limekuwa sheria, na kila kichwa huinama.

Adui walipouzingira mji siku arobaini, Fumo Sharafa aliomba vipande vyote.

"Mishale haingoji baraza," alisema.

Mitaa miwili ilitoa. Mkuu wa mtaa wa tatu, Mwinyi Zubeiri mhunzi, alikataa, hadi watu wake wenyewe walipomjia na midomo iliyopasuka kwa kiu. Siwalaumu, kiu ni kiu.

"Mpe, baba," binti yake Mwana Esha alimsihi. "Tukifa sote, hiyo haki utamtunzia nani?"

Akatoa. Tena, kwa kuwa vipande viliachana kila siwa ilipopulizwa juu ya ukuta, akaipigilia misumari ya shaba kwa mkono wake mwenyewe.

Adui walishindwa, na mji ukacheza ngoma siku saba. Siku ya nane Zubeiri alivaa kilemba, akaenda kudai kipande cha mtaa wake.

"Kichukue," Fumo alimwambia, akimsogezea siwa. "Ng'oa misumari yako."

Kuing'oa kulikuwa kuipasua pembe. Zubeiri alilijua hilo kuliko yeyote.

"Fumo wangu, tulikuazima tu."

"Basi siwa na iseme."

Ikavuma: Zubeiri ahame, asirudi kamwe.

Uwanja ulikuwa umejaa watu, mikuki ingali mikononi mwao. Aliwatazama, akingoja hata mmoja apaze sauti. Wote waliinama, kama walivyozoea tangu utotoni. Lililomuumiza zaidi ni kuikuta shingo yake nayo imeinama.

Mwana Esha alimsindikiza hadi langoni akilia. "Ni mimi niliyekuambia umpe, baba."

"Na ni mimi niliyepigilia, mwanangu."

Siwa ingalipo Shungwi, nzima. Ukiwauliza watoto wa huko misumari ile ni ya nini, watakuambia ni mapambo.