Mita Tatu za Shaba

Siku waliyokutana, Nevena alikuwa na njaa na haraka, na mtu wa hali hiyo hana habari na mapenzi. Alisimama kwenye foleni ya banitsa, mkate wa jibini, nje ya stesheni ya Serdika, watu wamebanana, harufu ya jibini la moto inampanda puani, koti lake la sufi la rangi ya damu ya mzee limefungwa mpaka kidevuni. Mkobani mwake ulichungulia waya mnene mweusi uliokunjwa vibaya.

"Dada, unauua huo waya," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, ndevu zimechongwa, shati jeupe limepigwa pasi, macho ya utani.

"Kwani unajua ni waya gani?"

"Shaba, mita tatu, wa kuunganisha seva na swichi. Ukiuvunja shingo hivyo, kesho utailaumu swichi bure."

"Wewe ndiye daktari wa nyaya?"

"Nauza. Shaba na moduli za mwanga, vyote ninavyo. Naitwa Yavor. Ninunulie banitsa, nikupe ushauri."

"Makubwa haya. Muuzaji anaomba kifungua kinywa."

Lakini alimnunulia. Baada ya miezi mitatu, simu ya Yavor ilikuwa ikiingia kila mchana bila kukosa.

"Umekula?" Nevena alimwuliza siku moja.

"Sijala. Nimeshiba sauti yako tangu asubuhi."

"Hebu acha maneno ya sokoni, wewe. Nenda kale."

"Ukinikasirikia hivyo ndiyo njaa inazidi, mrembo wangu."

Nevena alikata simu akicheka peke yake kama mwehu. Alikuwa amependa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Basi kampuni ya Nevena ikajenga ukumbi mpya wa seva kule Mladost, na yeye ndiye aliyepewa kuchagua vya kuziunganisha. Kampuni ya akina Yavor ilikuwa ikiwauzia vifaa tangu zamani, kwa hiyo Yavor akaja kupima. Alishinda siku nzima juu ya ngazi, mikono ya shati ameikunja, akifuata njia ya waya: unapanda juu ya kabati, unapita kwenye trei ya nyaya, unashuka kabati la pili.

"Ndani ya kabati weka shaba," alimwambia. "Haina makuu. Rahisi, haili umeme, haisumbui. Lakini kwa kasi hii, ikipita mita tatu inaanza kusema uongo. Kabati kwa kabati, weka moduli. Zinageuza umeme kuwa mwanga, waya wa faiba unaubeba hata ukumbi mzima."

Ulikuwa mpango safi. Tatizo ni kwamba moduli zina bei, na ofisini kulikuwa na Milko, fundi mwenzake Nevena, mtu asiyejua kufunga mdomo.

"Moduli mia mbili," Milko alisema mbele ya watu, akigeuza karatasi. "Kweli penzi lina mwanga. Bwana harusi atapata suti."

Wakacheka. Nevena uso ulimwaka. Tangu chuo alikuwa mwanamke pekee mezani, na kila alichokipata aliulizwa amekipataje. Alichukua futi, akaenda ukumbini, akapima mlango wa kabati mpaka mlango wa kabati. Mita mbili na sentimita sabini. Jamani, waya haukatishi hewani. Hilo analijua kila fundi wa kazi hiyo, na Nevena mwenyewe aliwafundisha wengine.

Akapiga simu.

"Nimefuta moduli zote. Niletee shaba tupu."

"Kipenzi, umepimia wapi?"

"Inatosha."

"Umepitia kwenye trei?"

"Yavor, nimesema inatosha. Au kamisheni ndiyo inayokuuma?"

Yavor akasema kwa upole, "Basi niandikie."

Akamwandikia: *Nimepima mwenyewe. Leta shaba tupu. Dhamana ni yangu.*

Shaba ikaja. Kwa kupitia kwenye trei haikufika, kwa hiyo mafundi wakaikatisha ubavuni mwa makabati, ikakazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ilifanya kazi wiki mbili. Jumanne moja fundi akafungua mlango wa kabati ili abadilishe seva, nyaya zikavutika, safu nzima ikazima, na wateja wakakaa bila huduma tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana.

Mhandisi Gergov, bosi wao, aliwaita wote mezani, Yavor naye.

"Nani alisema mita tatu zinatosha?"

Nevena aliangalia meza.

"Ninyi ndio mlioleta," Gergov alimgeukia Yavor. "Hamkupima?"

Yavor alimtazama Nevena. Alimtazama kwa muda mrefu kabisa. Nevena akachukua glasi ya maji, akanywa. Ndiyo, akanywa maji, na mimi kwa hilo nina hasira naye mpaka leo.

"Tulipima," Yavor alisema. Simu yake aliiacha mfukoni.

Jioni hiyo kampuni yake ikamwachisha kazi.

Nevena alimpigia, hakupokea. Akapiga tena na tena, siku baada ya siku. Siku ya kumi aliingia kwa Gergov, akamwekea simu mezani.

"Soma. Alinionya. Kosa ni langu, niliogopa mtasema nimehongwa."

Gergov alisoma, akavua miwani. "Siku tisa, Nevena?"

Nevena aliondolewa ukumbini, akapelekwa kupokea malalamiko ya wateja kwenye simu. Siku hiyohiyo Yavor akamtumia ujumbe: wakutane Bustani ya Jiji.

Alimkuta kwenye benchi, amevaa sweta la kijivu, ndevu zimeota ovyo.

"Nimesema ukweli," Nevena alianza, bado hajakaa.

"Najua. Gergov aliwapigia simu, wamenirudisha kazini. Jumatatu naingia."

Nevena alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akakaa, akamshika mkono. "Mpenzi wangu, ujumbe wangu ulikuwa nao siku ile. Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe."

"Niliogopa."

"Nilikuona ukiogopa. Na nilikuona ukinywa maji."

"Nitukane basi. Nipigie kelele watu wageuke. Lakini usininyamazie hivi, naumia."

"Jumapili baada ya kikao kile nilitaka kukupeleka Pernik kwa mama. Alishaanza kukunja sarmi za majani ya kabichi." Akautoa mkono wake taratibu. "Kazini nimerudi, Nevena. Kwako sirudi."

Akasimama, akaondoka akipitia upande wa fontani ya maji, bila kugeuka. Nevena alibaki akilia bila kujificha. Mzee mmoja mwenye ubao wa sataranji akaja, akamwuliza kama pale pana mtu.

"Hapana," Nevena alisema. "Kaa tu, babu."