Mwanaume wa Kiwanja Mwenye Sura Yangu

— Constant ni nani?

Sylvie hakuinua kichwa. Alikuwa anapepeta maharagi mbele ya duka lake pale Mabanga, mjini Goma, ungo unapanda na kushuka, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

— Constant gani?

— Huyu hapa kwenye simu yako. Nisome?

Simu yake niliichukua nimpigie fundi wa matairi, yangu ilikuwa imekwisha unité za kupigia. Ujumbe uliingia palepale. Nikausoma kwa sauti, wateja wasikie kama wanataka:

"Kuya Jumamosi, peke yako. Nitakuonyesha ile kitu. Achille asijue kwanza. Constant."

Ungo ulisimama.

— Ni mutu wa maharagi, alisema. Wa kule mjini Kiwanja. Mimi namununulia mifuko.

— Mutu wa maharagi anakuonyesha kitu gani ambacho mimi nisijue? Maharagi yenye meno?

— Usinipigie kelele barabarani.

— Bado sijapiga.

Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaninyang'anya simu. Halafu akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayeishuku noti.

— Na mimi nikuulize. Babu yako aliitwa nani?

— Nini?

— Baba ya baba yako. Kilima gani? Ukoo gani? Miaka miwili tuko pamoja, hujanitajia hata jina moja.

Niliwaka. Mimi ni dereva wa lori. Barabara ya Rutshuru nimeipita katika vita baada ya vita, na watu wote waliowahi kuniuliza jina la babu yangu walikuwa wameshika bunduki. Ukijibu vibaya, unashushwa. Sikutegemea swali hilo kutoka kwa mwanamke ninayetaka kumuoa.

— Umefungua bariere ya askari hapa dukani?

— Ni yaya Zéphirin anauliza, kaka yangu mukubwa, si mimi. Anatoka Butembo, Jumapili iko hapa. Unajua kwetu: kabla ya mbuzi hata mmoja wa mahari kutoka, kila upande unataja wazee wake, tuone kama damu haigongani.

— Basi Zéphirin ataniuliza mimi mwenyewe. Asipitie kwa Constant.

Niliondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba, mjane. Yeye mjane vilevile. Ujana tulishaumaliza, lakini wivu ulinishika kama nina miaka ishirini.

Nyumbani mama yangu, Mama Ernestine, alikuwa anamenya viazi.

— Mama, baba ya papa aliitwa nani?

Kisu kilisimama. Siku ile kila mwanamke niliyemsogelea aliacha kazi yake.

— Wafu waache walale.

— Zéphirin anataka majina yao.

— Mwambie vita ilibeba karatasi.

— Hataki karatasi. Anataka majina.

Alikitupa kiazi kwenye maji.

— Na huyo Sylvie wako, ameanza lini kazi ya polisi? Alikuja hapa ukiwa barabarani. Ananiuliza nimezaa watoto wangapi. Nikamwambia: Achille peke yake. Eti, "Mama, kwetu Banande Kambere ni jina la mutoto mwanaume wa pili. Achille ni Kambere. Wa kwanza yuko wapi?"

— Ukamjibu nini?

— Alikufa. Mwanamke anayehesabu matumbo ya wenzake si wa kuoa, mutoto wangu. Anatafuta kitu.

Nilikubaliana naye. Anatafuta kitu. Na ninajua anakitafutia wapi.

Jumamosi Sylvie alipanda gari la abiria la Kiwanja. Mimi nilichukua pikipiki, asije akaliona lori langu. Nilipofika, kitako kinauma, nikaenda kwa vijana wa motari, wale wa pikipiki za abiria, pale sokoni.

— Mwanamke wa Goma, mnunuzi wa maharagi, kitenge cha bluu?

— Yule wa kwa Constant? Kila wiki iko pale, alisema mmoja, akicheka. Halafu akanitazama, akaacha kucheka. Lakini wewe si ndugu yake Constant?

— Ndugu yake nani? Nipeleke.

Nilimkuta Sylvie uani, amekaa kwenye kigoda, amevua viatu, kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi. Amevua viatu! Kwa mwanaume mwingine!

— Constant! nikapiga kelele. Toka nje tuonane!

— Achille, ngoja...

— Kaa hapo wewe! Constant!

Mwanaume akatoka ndani. Nilikuwa nimeshainua ngumi. Haikushuka.

Alikuwa mimi. Mimi mwenye mvi zaidi na mgongo wa mkulima. Paji la uso langu, pua yangu, sikio la kushoto lililojikunja juu kama langu. Hata mkono alioinua kujikinga ulikuwa wa kushoto, kama ngumi yangu.

— Mungu wangu, alisema. Sylvie, ulisema tunafanana. Hukusema ni hivi.

Sylvie alisimama kati yetu.

— Nilimuona sokoni, Achille. Nikadhani umenificha ukoo mzima. Nilikasirika kuliko wewe leo. Nikajiuliza, mwanaume anaficha ndugu kwa sababu gani? Ndipo nikaanza kuuliza huku na huku. Sikutaka kukuambia bila kuwa na hakika.

— Na sasa una hakika?

— Mimi sina, alidakia Constant. Kaa, lakini sijasema wewe ni ndugu yangu. Tangu vita ya 2008 batu bengi wamekuja hapa na hadithi. Leo anasema "yaya", kesho anapima shamba.

— Sitaki shamba lako. Nilikuja kukupiga.

— Hiyo naamini.

Akanimiminia kasiksi. Akaongea polepole, macho yake hayatoki kwenye sikio langu.

— Ni vita ya soixante-quatre, sitini na nne. Mimi nilikuwa mutoto wa miaka mine. Watu wenye mapanga waliingia kwetu. Mama yetu Léoncie alikatwa panga mguuni, hakuweza kubeba wawili. Akamlaza mudogo wangu katikati ya shamba la maharagi, akanibeba mimi mpaka mtoni. Alivyorudi, hakukuta kitu. Alizunguka lile shamba akiita jina la mutoto mpaka sauti ikakauka. Alikufa akisema yuko hai.

— Jina gani?

— Hilo sikuambii. Aliyekuokota, kama ni wewe, hakuwa mbali. Jina alilisikia. Rudi umuulize mama yako. Akilitaja, wewe ni damu yangu. Asipolitaja, tumekunywa kasiksi tu.

— Na babu yenu?

— Habarurema. Alivuka mpaka zamani za Wabelgiji, akaja kuvuna kahawa, akaoa Muhunde wa Masisi.

— Munyarwanda? Na Muhunde?

— Unasema kama vile ni ugonjwa.

Jina kama Habarurema nimeliona likimshusha mtu kwenye lori langu. Constant akatoa kipicha cha mama yake, ndiyo ile "kitu". Akaninyooshea. Sikukipokea. Niliogopa macho ya yule mwanamke.

Jioni ileile nilisimama mbele ya Mama Ernestine, bado nina vumbi la njia.

— Mama, alikuwa anaita jina gani?

— Nani?

— Yule mwanamke kwenye shamba la maharagi.

Hakulia. Alikaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

— Nilikuwa nimemzika mutoto wangu wa kwanza njiani, tunakimbia. Maziwa yalikuwa bado yananitoka. Nikakusikia unalia. Nikadhani mama yako amekufa. Kweli, Achille. Mwanzoni nilidhani hivyo.

— Halafu?

— Halafu nikasikia anaita. Uko kifuani kwangu, umenyonya, umenyamaza. Anaita, anakaribia. Nzabonimpa! Nzabonimpa! Nikainama ndani ya maharagi.

— Ukamwitikia?

— Sikumwitikia.

Nje jirani alikuwa anamfokea mbuzi wake.

— Wa kwanza nilimzika, alisema mwishowe. Wewe ukawa wa pili. Ndiyo maana Kambere. Baba yako alikubali, akakufa na siri. Kwa jina sikudanganya.

Nilitaka kumtukana. Nilikosa tusi. Yote niliyoyajua yana neno mama ndani yake.

— Kesho tu, aliniomba. Mbele ya Zéphirin, niache niwe mama yako. Nitataja wazee wa marehemu, nawajua wote. Usiseme kitu. Kisha utaamua mwenyewe.

Niliitika kwa kichwa tu. Nikatoka, nikamwandikia Sylvie: "Jina amelitaja. Kesho usiseme kitu."

Akajibu: "Sisemi. Umekula?"

Nikampigia Constant.

— Nzabonimpa, nikasema.

Upande wa pili nikamsikia anavuta kamasi.

— Kesho ukuye Goma, nikamwambia.

— Huyo shemeji yako Zéphirin anapenda watu kama mimi?

— Hapendi.

— Basi nakuja.

Zéphirin aliingia kwetu na Sylvie Jumapili baada ya misa, kofia kichwani, mikono mgongoni, akikagua nyumba kama anataka kuinunua. Macho yakamkwama kwa Constant.

— Na huyu?

— Rafiki wa Kiwanja.

— Rafiki mwenye masikio yako?

— Uliza ulichokuja kuuliza, baba, Mama Ernestine akamkata. Wazee wa mume wangu hawa hapa. Paluku, mwana wa Katembo, mwana wa Mbusa, wa upande wa Lubero.

Alitaja kwa kujivuna, kidevu juu. Zéphirin akatua chupa yake ya bia.

— Mbusa gani? Yule mufuzi wa vyuma, mwenye jicho moja?

— Huyo huyo!

— Huyo ndiye baba wa babu yetu. Akavaa kofia vizuri. Sylvie, simama twende. Hawa ni ndugu zetu wa damu. Hakuna ndoa hapa.

Sylvie aliniangalia, midomo imemkauka. Mimi nilikuwa nimefungwa na ahadi. Nikamwangalia mama. Kumbe kunyamaza tu kungemtosha: angebaki na mwanawe, Sylvie angerudi Mabanga, na siri ingekwenda naye kaburini. Naapa, sikujua atafanya nini. Mwanamke aliyenyamaza shambani anaweza kunyamaza na sebuleni.

Zéphirin alikuwa mlangoni.

— Keti, mama akasema.

— Mama, hakuna cha...

— Nimesema keti! Huyu si damu ya Mbusa. Sikumuzaa. Nilimuokota kwa vita, nikamuiba mama ya huyu.

Akamnyooshea Constant kidole.

— Mama yao aliita, nikamsikia, nikajificha. Sasa umejua.

Zéphirin akatazama masikio yangu, akatazama ya Constant.

— Kwenu ni nani wewe? akamuuliza Constant.

— Habarurema.

— Banyarwanda! Sylvie, simama mara ya pili!

— Nimechoka kusimama, yaya. Chagua moja. Sasa hivi alikuwa damu ya Mbusa, hukumuona kasoro isipokuwa undugu. Undugu umeondoka. Kasoro ni nini tena?

— Unajua kasoro. Unajua nani ametuletea vita.

— Achille amekuletea vita gani? Amekuletea chumvi na mafuta kwa lori, ukauza Butembo! Marehemu mume wangu alikuwa Munande mpaka kwenye kucha, wazee wake uliwasikiliza wote, ukakubali kwa kichwa. Alipokufa, ndugu zake walinitoa nyumbani na sufuria mbili. Ulikuja?

Zéphirin akamgeukia Constant, sauti imeshuka kidogo.

— Na wewe unatafuta nini hapa? Shamba?

— Shamba ninalo. Mama yetu alikuwa na nguvu ya kubeba mutoto mmoja. Alinibeba mimi. Nimekuja kumuona yule aliyebaki.

Zéphirin alivua kofia, akakaa, akamaliza bia yake yote. Akaomba nyingine. Alipofika nusu, akasema:

— Mbuzi kumi na mbili.

— Kumi, akasema Constant.

— Wewe nani wa kupunguza?

— Kaka yake mukubwa.

Sylvie alicheka huku machozi yanamshuka. Ndivyo nilivyojua nimepata mke, na ndugu, katika kikao kimoja.

Tulifunga ndoa kabla ya mvua za Septemba. Zéphirin alikuja na ukoo wake, na kabla ya kukubali kukaa meza moja na Constant alimuomba kadi ya uchaguzi, aone kama ni Mukongomani. Constant akamuonyesha. Zéphirin akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akamrudishia. Dakika chache baadaye walikuwa wanagombania bei ya maharagi.

Lakini na Mama Ernestine, Constant hakuwa amesema neno tangu Jumapili ile. Hata salamu. Mimi mwenyewe naishi na mama, nakula chakula chake, na siku nyingine namwangalia mgongoni anapopika, nasikia ile sauti inaita kwenye shamba. Sijui kama itanyamaza.

Pale harusini nilimuona mama anainuka na sahani ya wali na nyama. Alivuka katikati ya watu wanaocheza, akasimama mbele ya Constant, akainyoosha kwa mikono miwili. Constant aliiangalia muda mrefu. Akaipokea. Akaiweka magotini, bila kugusa kitu. Mama akabaki amesimama.

— Usiwaangalie, Sylvie akaninong'oneza, akanivuta mkono. Cheza.

Nilicheza. Nilipogeuka, mama alikuwa ameketi kando ya Constant, hawaongei. Sahani magotini mwa Constant ilikuwa imebaki nusu.