Kidole Kilichofaulu Mtihani

Je, nyinyi mnaonisoma, mmewahi kufaulu mtihani wa mtu mwingine? Mimi nimefaulu. Nilipata tisini na mbili kwa mia katika mtihani wa kumsaidia mtoto mchanga kupumua, mimi ambaye niliishia shule ya msingi na sijawahi kumpima mtu homa ila kwa kiganja cha mkono. Nitawaeleza taratibu, maana jambo hili likielezwa haraka haraka linaonekana dogo.

Ninakaa na mwanangu na mke wake. Mwanangu ni dereva wa lori. Tunamwona siku mbili kwa wiki, na siku hizo mbili analala. Mke wake ni muuguzi katika chumba cha kujifungulia kwenye kituo chetu cha afya, na mtaa mzima unamwita Sista. Sebule yetu ina makochi mawili, moja limebonyea upande wa kushoto, na dirisha linalotazama kibaraza cha fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Mchana, vyombo vikishaoshwa, nyumba ilikuwa inatulia mpaka unasikia ile cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Mimi nachambua maharage kwenye kochi zima. Sista akitoka zamu ya usiku ananiamkia, anakunywa uji akiwa amesimama, anaingia kulala. Tulikuwa hivyo, na tulikuwa tumeridhika.

Siku moja akarudi na kishikwambi, ile simu kubwa kama sinia dogo, kikiwa ndani ya kava jeusi lenye harufu ya duka. Akakiweka mezani kama mtu anayeweka mgeni.

"Ni masomo hayo, mama. Kumi na manne. Zamani walikuwa wanatuita semina, sasa kila mtu anasomea humu kwa muda wake."

"Muda wako upi?"

Akacheka. "Hapo ndipo hata mimi sijapaelewa."

Msicheke naye haraka. Chumba chao kinahitaji wauguzi watano, wapo wawili. Na ambaye hangemaliza masomo kabla ya mwezi kwisha angeondolewa pale, apelekwe kuandika kadi mapokezi. Sista anakipenda kile chumba. Akisimulia mtoto aliyezaliwa anamsimulia kama mtu mzima, kwamba huyu alikuja amekasirika, huyu alikuja kama amechelewa gari.

Alianza kwa uaminifu, hilo nataka liandikwe. Alikaa na daftari na kalamu. Lakini hakufika katikati ya somo la kwanza, kichwa kikaanza kumwangukia. Na kile chombo kina masharti: kila baada ya dakika chache kinasimama na kuuliza, "Bado upo?" Chini yake pana kitufe cha kijani, "Ndiyo." Usipobonyeza, somo linarudi mwanzo. Kwa hiyo siku tatu alikuwa palepale kwenye somo la kwanza, anazinduka na kukuta limerudi mwanzo, anaanza tena, analala tena.

Siku ya nne nilimkuta amelala ameketi, mdomo wazi, kalamu bado iko vidoleni. Kioo kinauliza kama bado yupo. Nikanyoosha mkono nikabonyeza.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibikia, na wala hakukuwa na kelele.

Mwanzoni kioo hakikunitambua. Kidole changu kimekauka kwa miaka ya sabuni na majivu, nikibonyeza hakisikii. Nikagundua kwamba nikikigusisha kidole kwanza kwenye kitambaa kibichi, kioo kinasikia. Basi nikawa nakaa na kitambaa changu kibichi kwenye kisosi, na kishikwambi mapajani. Sauti niliizima ili asiamke. Maneno yalikuwa yanapita chini ya picha, nikawa nayasoma, polepole, midomo ikitembea. Alipoamka nikamwambia, "Umemaliza somo la kwanza."

Akanitazama. "Nimemaliza?"

"Umemaliza. Na la pili umefika nusu."

Angeweza kukasirika. Alikaa kwenye lile kochi bovu, akajifuta uso, akasema, "Mungu akuweke, mama." Kuanzia siku ile hatukulizungumza tena. Akirudi anakiweka mezani, analala, mimi nachukua.

Kusema kweli nililipenda jambo lile. Mwisho wa kila somo kuna maswali, na ukikosea unarudia mpaka upate, lakini mimi sikupenda kukosea. Nilianza kuyapata bila kurudia. Fundi cherehani, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, akipita dirishani ananichokoza.

"Bibi, umepata mchumba kwenye simu? Kila nikipita umemkodolea macho."

"Nimepata kumi na wanne. Wewe na mmoja wako tulia."

"Waulize kama kuna mwenye cherehani ya umeme, umsogeze huku."

Somo la nne ndilo ninalotaka mlisikie. Lilikuwa la mtoto anayezaliwa bila kulia. Wanasema umkaushe, umsugue mgongo, na asipopumua ndani ya dakika moja umpulizie hewa kwa kifaa kama mpira wenye kofia ndogo ya kufunika pua na mdomo. Walionyesha kichwa cha mtoto mara tatu. Kimeinama mbele, alama nyekundu. Kimebinuliwa sana nyuma, alama nyekundu. Cha tatu kimekaa katikati, kidevu kimeinuka kidogo tu, kama mtu anayenusa chakula kinachotoka jikoni. Alama ya kijani. Wakasema kifua kisipopanda, kabla ya lolote kiweke kichwa upya. Nililitazama lile mara mbili kwa kupenda mwenyewe.

Alipoamka nikamwambia, "Leo kuna jambo zuri la kichwa cha mtoto."

Alikuwa anatafuta kiatu cha pili chini ya kochi. "Mama, bonyeza tu. Nimechelewa."

Nami sikurudia. Niliona nimemwambia.

Cheti kilikuja kabla ya mwezi kwisha. Mkuu wa kituo alikichapisha na kukibandika kwenye ukuta wa chumba cha kujifungulia, akawaambia wafanyakazi kwamba Sista ndiye wa kwanza kumaliza na kwamba kituo chetu sasa ni kijani kitupu kwenye ripoti ya huko juu. Sista akaniletea kanga mpya. Niliivaa.

Fundi alishikwa na uchungu asubuhi ya saa nne. Mume wake alikuwa kibaruani, kwa hiyo nilimsindikiza mimi. Tulitembea tukisimama, tukitembea tukisimama, akinitania kwamba namchelewesha kwa magoti yangu. Pale kituoni Sista alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. "Umekuja kwangu, umefika." Mimi nikakaa kwenye benchi la nje, kando ya ndoo ya kunawia mikono. Bomba la ile ndoo lilikuwa linadondosha matone. Nilikuwa nalitazama.

Nikasikia fundi amepiga ukelele mmoja mrefu, kisha Sista anasema, "Ametoka." Nikangoja kilio. Nikaendelea kungoja. Matone yalikuwa yanadondoka vilevile. Nikasikia Sista anasema, "Njoo, njoo, njoo," kwa sauti ndogo, kama anayemwita kuku. Kisha akatoa kichwa mlangoni akamwita mwenzake wa chumba cha chanjo, ambaye sote tunamwita Bi Sindano. Mama yule ni mnene lakini alipita mbele yangu mbio mpaka hewa yake ikanipiga usoni.

Baada ya hapo mtoto alilia. Kilio chembamba, cha kukatika katika. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ambazo sikutaka kuzijua.

Jioni Sista alirudi, akavua viatu, akakaa. Hakulala. Nilimwekea chakula mbele, kikapoa.

"Kifua hakikupanda," alisema. "Nilimpulizia na kifua hakipandi. Nilikibinua kichwa nyuma, nikakibinua zaidi. Bi Sindano alipofika alikirudisha tu mbele kidogo. Hivi tu. Kikapanda."

Maneno yakaniponyoka. "Kama anayenusa."

"Nini?"

"Kichwa. Walisema kiwe kama cha mtu anayenusa chakula."

Aliniangalia. Hakukuwa na hasira mle machoni, wala machozi. Hakukuwa na kitu.

"Walisema wapi?"

"Somo la nne."

"Ulijua."

"Nilijua."

Akanyanyuka, akachukua sahani yake, akaiosha pamoja na chakula chake ndani.

Mtoto wa fundi yu hai. Ana mwaka mmoja sasa. Shingo yake haijakaza, ukimnyanyua kichwa kinakwenda kinakotaka, na macho yake yanakupita kama unatazamwa na mtu aliye kwenye gari. Hospitali kubwa walimwambia fundi kwamba hewa ilichelewa kumfikia. Fundi akarudi akatuambia, "Ingechelewa zaidi kama si Sista." Na kuanzia hapo akawa anamshukuru. Asubuhi anamshukuru kutoka kibarazani, jioni anamshukuru. Alimwambia mwenye duka, alimwambia muuza maji, "Mtoto wangu anapumua kwa sababu ya huyu." Sista anaitikia, "Asante, fundi," anaingia ndani, anasimama nyuma ya mlango.

Ndugu zangu, mimi nimeona misiba ya kuliliwa. Huu haukuwa wa kuliliwa. Tulikuwa tunafagia, tunapika, tunaulizana kama chumvi imetosha. Sista alienda kazini na kurudi. Hakuwasimulia tena watoto waliozaliwa. Mwanangu akija aliuliza, "Mmegombana?" Tunasema hapana, na kweli hatukuwa tumegombana. Siku moja nilimwambia Sista tumwendee fundi tumweleze. Akajibu bila kugeuka, "Tukamwambie nini, mama? Kwamba nilikuwa nimelala?" Mikono yake iliendelea kukunja nguo.

Funzo

Hadithi za namna hii huweka funzo mwisho kabisa. Mimi naliweka hapa, kwa sababu maneno ya mwisho si yangu.

Msiseme kosa ni la kile chombo. Chombo kilifundisha vizuri, mimi ni shahidi, mpaka leo naweza kuwaeleza somo la nne kama nililiota. Kosa ni kumpa mtu somo bila kumpa muda wa kulisoma, halafu kuhesabu alama za kijani na kuita hiyo elimu. Nyinyi mnaosimamia vituo, msiulize nani amemaliza. Mwambieni akuonyesheni kwa mikono yake. Nyinyi wauguzi, jambo usilolijua litakukuta na mtu yuko kitandani, na cheti kitakuwa kinawatazama wote wawili. Na sisi tulio nyumbani, mama wakwe na waume na wadogo zao: tukimpenda mtu, tumpunguzie vyombo, tumpunguzie maji ya kuchota, apate kukaa na somo lake. Mimi nilimsaidia Sista kwa moyo wote katika jambo moja ambalo hakuna mtu angeweza kumsaidia.

Sasa niwamalizie.

Wiki iliyopita, siku ya Jumamosi saa kumi, fundi alikuwa ameketi kwetu na mwanawe mapajani, amemaliza kupima dirisha letu ili atushonee pazia. Mkuu wa kituo akabisha hodi. Ni mtu mpole, anavua kofia hata kwa watoto. Mkononi alikuwa na kava jeusi.

"Sista, yamekuja mengine," alisema. "Masomo ishirini. Na wageni watakuja kutembelea kituo, nimewaambia nina muuguzi wa mfano. Mara iliyopita ulikuwa wa kwanza, nikasema nianze na wewe."

Fundi akatabasamu. "Mmefika kwenyewe, daktari. Huyu ndiye aliyemwokoa huyu wangu."

Sista alikuwa amesimama katikati ya sebule na trei ya chai. Akaiweka chini, sakafuni, pale pale.

"Sikusoma hata somo moja," alisema. "Nilikuwa nalala. Aliyebonyeza ni mama."

Mkuu wa kituo akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Fundi, mwanao nilimkunja shingo vibaya. Pumzi ilikuwa haiingii na sikujua kwa nini haiingii. Aliyemwokoa ni Bi Sindano. Mimi nilimchelewesha. Usinishukuru tena."

 Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwa fundi. Alikiinua kichwa cha mtoto, akakiegemeza vizuri kwenye mkono wake, akabaki hivyo, ameketi, hakuondoka.

"Sista," alisema mkuu wa kituo taratibu, "haya tungeyazungumza ofisini."

"Ofisini uliniita mwaka jana. Uliniuliza kama kuna kitu nahitaji ili nimalize."

"Nilikuuliza. Ukasema hakuna."

"Niliogopa utanitoa kwenye kile chumba."

"Kwa hiyo ulihitaji nini?"

 Sauti ya Sista ilipotoka ilikuwa ileile ya kuulizia chumvi.

"Nilitaka siku mbili. Za mchana, usiku wake niwe nimelala. Na mtu wa kunishika mkono aniambie, hapo umekosea, rudia."