Donge Chini ya Kitambaa

Mfuko wa unga ulipasuka katikati ya duka, watu wamejaa hadi mlangoni. Fundi wa kuchomelea, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche kwa hasira zake, akawa mweupe toka nywele hadi buti. Mbele yake alisimama msusi mmoja, gauni lake la manjano nalo limejaa unga.

"Wewe gari lisilo na breki, hukuona mtu?"

"Nisamehe, dada. Mimi na unga hatupatani. Nimekulia ndani yake, nikaukimbia."

"Basi umekufuata."

Wakacheka. Mapenzi yakashika kama moto wa makuti. Hata Cheche alipoposa, alijua jibu lishapatikana. Lakini msusi aliinamisha macho. "Nipe muda, mpenzi."

Muda wa nini? Tangu siku hiyo, kila Jumapili simu yake haikupatikana. Akirudi ananukia hamira, na kwenye kucha zake zilizopakwa rangi kuna unga mkavu. Wasiwasi wa Cheche ukaumuka.

Jumapili moja simu ikapokelewa.

"Uko wapi, laazizi?"

"Nasuka mteja."

Nyuma yake mwanamume akaangua kicheko.

"Nani huyo?"

"Mjomba." Simu ikakatwa.

Mjomba! Mama yake msusi hakuwa na kaka, wala wa kuokota. Mwenyewe ndiye aliyesema.

Jumapili iliyofuata Cheche alimfuata nyuma, kofia ameishusha usoni. Lile gauni la manjano likakata kona, likaingia mtaa aliokulia yeye. Kumbe mwizi wa mpenzi wake ni jirani! Likapita kwa kinyozi, likapita kwa dereva, likasukuma geti la chuma. Cheche akaganda. Geti lile alilichomelea mwenyewe, kazi yake ya kwanza, kabla baba yake mwoka mikate hajamwambia, "Ukiacha tanuri langu, usirudi." Naye hakurudi.

Basi ndiyo maana posa haijibiwi. Mzee anamchongea!

Akausukuma mlango wa jikoni ukagonga ukuta.

"Taratibu," mzee akasema bila kugeuka. "Donge linaumuka."

Msusi alikuwa na aproni, mikono myeupe hadi viwikoni. Mezani, chini ya kitambaa chenye unyevu, kulikuwa na donge la piza.

"Mjomba wako huyu?" Cheche akafoka.

"Ningekwambia ni baba yako, ungekuja?"

Cheche akageuzia macho tanuri.

"Siolewi na mtu ambaye baba yake sijamwamkia. Nikaja kuamkia. Nikakuta mzee anakula peke yake, nikamwomba anifundishe kukanda. Kila Jumapili ananiuliza kama unakula vizuri."

"Umbea huo," mzee akanung'unika.

"Na jibu langu?" Cheche akauliza, sauti imeshuka.

"Liko hapo mezani. Nawa mikono."

Kiburi kilimshika miguu. Kisha akavua kofia. "Shikamoo, baba."

Mzee akageuka. "Marahaba. Maji yako pale pale."

Akanawa. Akazamisha vidole kwenye donge, likazama, likapumua.

"Kwa kisigino cha kiganja," mzee akasema, "umeshasahau?"

"Sijasahau."

Msusi akasogea, akamfuta unga shavuni kwa mkono wenye unga zaidi. "Nimekubali, Cheche. Sasa kanda, mume wangu, tuna njaa."